Shilingi Mia Ile Ile, Stima Kidogo

Mwezi wa Machi nilifika kwa mzee mmoja katika skimu ya Shimba Hills. Nia yangu ilikuwa kutazama michungwa yake, lakini siku ile hatukufika kwenye michungwa. Baada ya kuamkiana, mzee alinikalisha barazani akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa Serikali. Kijana wa duka ananiibia. Je, nimpeleke kwa chifu, au nimwachie Mungu wake?"

Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti. Mlikuwa na vipande vya karatasi vilivyofungwa kwa uzi. Mzee hana simu ya kununulia tokeni, basi huenda dukani na shilingi 100, kijana humnunulia kwa simu yake, kisha humwandikia zile tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, na chini yake idadi ya yuniti alizopata. Karatasi za Desemba zilisema yuniti 4 na nukta 8. Za Januari na Februari vivyo hivyo, karibu 5. Lakini za Machi, zote tatu, zilisema 3 na nukta 9.

"Mia ni mia," akasema. "Yuniti moja imeingia mfukoni mwake. Wiki ya pili sasa sisemi naye, na baba yake tulilima pamoja."

Nikamwuliza kama kuna chombo kipya cha stima nyumbani. Akasema hakuna. Hapo binti yake akaleta maji ya ukwaju, na yalikuwa baridi hata meno yakauma. Nikamtazama mzee, naye akacheka kidogo. "Hilo friji ni la mama huyu," akasema. "Alilinunua Ukunda, kuukuu, awauzie watoto wa shule barafu ya mabuyu. Lakini lilikuja mwanzo wa Januari. Mbona Januari na Februari shilingi 100 haikupungua?"

Swali hili ni zuri, na nimelisikia pia Msambweni, Tiwi na Lukore. Wengi hulijibu kwa kumshuku mtu: mwenye duka, mpangaji, fundi, au jirani aliyevuta waya usiku. Wakati mwingine mtu huyo yupo kweli. Lakini mara nyingi jibu limo katika namna bei ya stima inavyopangwa, nayo yataka hesabu ndogo ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya.

Kwanza yafaa kujua kinachouzwa. Kama unga unavyopimwa kwa kibaba, stima hupimwa kwa yuniti. Yuniti moja ni nguvu ya wati 1,000 ikitumika kwa muda wa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima hula yuniti moja. Taa ya kisasa ya wati 9 yaweza kuwaka zaidi ya saa 100 kabla ya kumaliza yuniti hiyo moja. Kwa hiyo mtu asiulize tu chombo ni kikubwa au kidogo. Aulize kina wati ngapi, na huwaka saa ngapi kwa siku. Wati zimeandikwa nyuma ya chombo au chini yake.

Sasa bei. Stima ya nyumbani katika Kenya haina bei moja. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Mafuta, ambayo wengi huiita EPRA, huidhinisha bei hizo, na kampuni ya Kenya Power huuza. Bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2023 ziliwagawa wenye nyumba katika madaraja matatu. Daraja la kwanza, la nafuu, ni la nyumba isiyopita yuniti 30 kwa mwezi, na bei ya msingi ilikuwa shilingi 12 na senti 22 kwa yuniti. Daraja la pili ni la yuniti 31 hadi 100, kwa shilingi 16 na senti 30. Daraja la tatu ni la anayepita yuniti 100, kwa shilingi 20 na senti 97. Bei za namna hii hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo msomaji asizikariri kama sala. Tunazitumia hapa kwa sababu zaonyesha vizuri jinsi mambo yanavyokwenda.

Waliopata stima mapema watakumbuka kuwa tangu Novemba 2018 mpaka Machi 2023 daraja la nafuu lilifika yuniti 100. Wengi wetu tulikuwa ndani yake bila kujua. Liliposhushwa hadi 30, nyumba nyingi za kawaida zilijikuta ukingoni.

Na ukingo huu ni mkali. Ukipita mpaka wa daraja, si yuniti zile zilizozidi tu zinazopanda bei. Zote hupanda, tangu ya kwanza. Nyumba yenye yuniti 30 hulipa bei ya msingi ya shilingi 366 na senti 60. Nyumba yenye yuniti 31 katika daraja la pili hulipa shilingi 505 na senti 30. Yuniti moja imeleta shilingi 138 na senti 70. Wenzetu waliovuka Lunga Lunga kwenda kwa ndugu zao Tanga wataona mambo ni tofauti huko. Kwa amri ya bei ya Tanzania ya mwaka 2016, mtumiaji mdogo alilipa shilingi 100 za kule kwa yuniti mpaka 75, na zile zilizozidi 75 ndizo tu zilizotozwa shilingi 350. Kila nchi ina njia yake, lakini anayedhani njia ya Tanga ndiyo ya Kwale atakosea hesabu.

Jambo la pili ndilo lililomchanganya mzee wetu. Daraja lako halitazamwi kwa mwezi mmoja. Hutazamwa kwa wastani wa miezi mitatu. Kampuni huchukua yuniti za miezi mitatu, huzijumlisha, kisha hugawanya kwa tatu.

Tulikaa na mzee tukafanya hesabu yake kwa kijiti mchangani. Kabla ya friji, nyumba yake ilitumia yuniti 22 kwa mwezi. Friji lile dogo likala kiasi cha yuniti 24 zaidi, jumla 46. Basi mwisho wa Januari hesabu ilikuwa Novemba 22, Desemba 22, Januari 46. Jumla ni 90, na ukigawanya kwa tatu unapata 30 kamili. Mzee bado yuko daraja la nafuu. Mwisho wa Februari ikawa Desemba 22, Januari 46, Februari 46. Jumla 114, wastani 38. Mpaka umepitwa. Machi ilipoingia, bei mpya ikaanza kufanya kazi, wakati kila mtu nyumbani alikuwa amekwisha kulizoea friji na kulisahau.

Mzee alikitazama kile kijiti kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe kijana wa watu hana kosa."

Nikamwambia tuhakikishe kwanza. Maana ujumbe unaotumwa kwenye simu baada ya kununua tokeni haukosi ushahidi. Huonyesha idadi ya yuniti, jumla ya fedha ulizotoa, fedha zilizonunua stima yenyewe, na fedha zilizokwenda kwa tozo nyingine. Chukua zile fedha zilizonunua stima yenyewe, ugawanye kwa yuniti. Kwa bei za Aprili 2023, ukipata kama 12 u daraja la kwanza, ukipata kama 16 u daraja la pili, na ukikaribia 21 u daraja la tatu. Mwenye duka hawezi kuuficha ujumbe huo, akitakiwa auonyeshe. Ni vema kila anayenunuliwa tokeni na mtu mwingine aombe aandikiwe hesabu hizo nne, si tarakimu za tokeni na yuniti peke yake.

Lakini msomaji makini atauliza: ikiwa yuniti ni shilingi 12 na senti 22, kwa nini shilingi 100 hainunui yuniti 8? Ni kwa sababu ya zile tozo nyingine, nazo si chache.

Kuna tozo ya mafuta. Stima yetu hutoka kwa mvuke wa ardhini Olkaria, kwa mabwawa ya Mto Tana, kwa upepo wa Turkana, na nyingine hununuliwa Ethiopia. Lakini iko mitambo inayochoma mafuta, na miwili ya hiyo si mbali nasi, Kipevu na Rabai. Ukame ukipunguza maji ya Tana, mitambo ya mafuta hufanya kazi zaidi, na gharama hugawanywa kwa wateja wote. Ndiyo maana mtu wa Diani aweza kulipia mvua iliyokosekana Mlima Kenya. Kuna na tozo ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, kwa kuwa mafuta na mikopo ya mitambo hulipwa kwa dola. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha shilingi ikapata nguvu, na tozo hii nayo ikafuata. Tozo hizi mbili hutangazwa kila mwezi katika Gazeti la Serikali, na ndizo zinazofanya shilingi 100 ya mwezi huu isilingane kabisa na ya mwezi uliopita hata kama hukubadili daraja. Mabadiliko ya namna hiyo huwa ya senti, au shilingi moja na kitu. Ukiona yuniti moja nzima imetoweka katika 5, tafuta sababu nyingine.

Zaidi ya hizo kuna nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha, tozo ndogo ya maji yanayozungusha mitambo, tozo ndogo ya Mamlaka, asilimia 5 ya bei ya msingi kwa ajili ya kupeleka stima vijijini, na kodi ya thamani, asilimia 16. Hiyo ya vijijini watu wa skimu wasiilalamikie sana, kwani nguzo nyingi zilizotufikia zilisimamishwa na fedha za namna hiyo. Zamani stima ilikuwa jambo la mjini. Mombasa ilipata kampuni yake ya stima mwaka 1908, kwa mtambo uliokuwa umenunuliwa na Sultani Barghash kuangaza jumba lake Unguja. Shimba Hills ilingoja sana baada ya hapo.

Tuseme, kwa mfano tu, tozo ya mafuta na nyongeza zinazofanana nayo ni shilingi 5 kwa yuniti. Ukiongeza kodi na ile asilimia 5, yuniti ya daraja la kwanza hufika shilingi 20 na senti 59, ya daraja la pili 25 na senti 52, ya daraja la tatu 31 na senti 17. Basi shilingi 100 hununua yuniti 4 na nukta 8 katika la kwanza, 3 na nukta 9 katika la pili, na 3 na nukta 2 katika la tatu. Hizo mbili za kwanza ndizo zilizokuwa katika mkebe wa mzee.

Sasa twende kwa binti, kwa sababu yeye ndiye mwenye biashara. Aliniuliza friji lake linamgharimu kiasi gani. Mtu akijibu upesi atasema yuniti 24 mara shilingi 25 na senti 52, yaani shilingi 612. Si kweli. Kabla ya friji nyumba ililipa yuniti 22 kwa bei ya nafuu, kama shilingi 453. Sasa yalipa yuniti 46 kwa bei ya pili, kama shilingi 1,174. Tofauti ni shilingi 721. Friji linalipiwa stima yake, na pia nyongeza ya bei ya taa na televisheni ya baba. Kila yuniti ya friji yasimama shilingi 30. Barafu ya mabuyu isiporudisha shilingi 721 kwa mwezi, pamoja na bei ya mabuyu na sukari, basi mama huyu anawafanyia watoto wa shule hisani. Ikirudisha zaidi, friji na likae, na daraja la pili lisimtishe mtu. Daraja la nafuu si heshima ya kulindwa kwa kukaa gizani.

Ila kuna vyombo visivyolipa chochote vinavyokula kuliko friji. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja kila siku hula yuniti 30 kwa mwezi, daraja zima la nafuu limekwisha kwa chai. Bomba la maji moto la kuogea, la wati 5,000, dakika 10 kwa siku, hula yuniti 25. Taa moja ya zamani ya wati 60, saa 5 kila usiku, hula yuniti 9, na taa mpya ya wati 9 kwa saa zizo hizo haifiki yuniti moja na nusu. Feni ya wati 50 usiku kucha, saa 8, hula 12, na katika joto letu la Februari simwambii mtu aizime.

Wakulima wanaouza korosho waangalie jambo jingine. Mita ya tokeni haiambii kampuni umewasha nini leo. Kampuni huhesabu yuniti ulizonunua. Mtu aliyepata fedha za korosho akanunua stima ya miezi sita kwa siku moja, tuseme yuniti 132, ataonekana ni mtumiaji wa wastani wa 44, ingawa nyumbani hutumia 22. Nia yake ilikuwa njema, asizile fedha zote. Afadhali aziweke, anunue mwezi kwa mwezi.

Na waliojenga vyumba vya kupangisha upande wa Ukunda na Diani, hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Nyumba ya vyumba vinne, kila kimoja yuniti 20, na mwenye nyumba mwenyewe yuniti 25, wote kwa mita moja. Hakuna kati yao anayepita 30. Lakini mita haijui vyumba, huona yuniti 105, na wote watano wamewekwa daraja la tatu pamoja na wenye mahoteli madogo majumbani mwao. Kwa hesabu yetu ya mfano watalipa shilingi 3,273 kwa mwezi. Kila mmoja angekuwa na mita yake kutoka kwa kampuni, jumla ingekuwa shilingi 2,162. Shilingi 1,111 zapotea kila mwezi, kisha wapangaji hugombana juu ya nani ana pasi. Mita ndogo za kugawia, zile zinazouzwa madukani, husaidia kujua nani ametumia nini, lakini haziondoi hasara hii, kwani mita kubwa ya mbele bado huhesabu jumla. Mwenye nyumba na aulize kwanza gharama ya mita za ziada, kisha ailinganishe na shilingi hizo 1,111. Kumvutia jirani waya ni kosa lile lile, tena ni hatari ya moto na ni kinyume cha sheria.

Waliounganishiwa kwa mpango uliozinduliwa mwaka 2015, wa shilingi 15,000 badala ya 35,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma, wakumbuke kwamba aliyechukua kwa mkopo hukatwa sehemu kila anaponunua mpaka deni liishe. Hilo nalo hupunguza yuniti, na si wizi. Vilevile mwaka 2024 mita za tokeni zilibadilishiwa mpango, na wengi walipewa mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja, wakadhani wametapeliwa. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiweka mita sawa, la tatu ndilo lililokuwa stima.

Ukifanya hesabu zote hizi na bado hazikubali, usinyamaze. Chukua namba ya mita na ujumbe wa miezi mitatu, uende ofisi ya kampuni iliyo karibu, au upige *977# kwa simu yoyote uone ulivyonunua. Usiporidhika, Mamlaka hupokea malalamiko ya wateja, na juu yake lipo baraza la rufaa lililowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Huko kote utaulizwa karatasi. Mwenye mkebe kama wa mzee wetu atasikilizwa upesi kuliko mwenye sauti kubwa.

Jioni nilimsindikiza mzee mpaka dukani. Hakuomba radhi kwa maneno, kwani hakuwa amemtukana kijana mbele ya watu. Alisema tu, "Mjukuu wangu, nipe ya mia." Kijana akanunua, akasoma, "Yuniti 3 na nukta 9, babu," kisha akanyamaza akingoja kugombwa. Mzee akamwambia, "Niandikie na fedha zilizokwenda kwa stima yenyewe." Kijana akaandika 63 na senti 86. Mzee akaikunja karatasi akaitia kofiani, akauliza habari za baba yake.